Kitambaa Juu ya Jiwe

Rehana aliponipigia simu baada ya miaka zaidi ya ishirini, jambo la kwanza nililowaza ni kwamba anataka kitu. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyo. Wanafunzi wangu wa kemia waliniita Mwalimu Thibitisha, kwa sababu sikumwamini mtu hata alipoumwa tumbo mbele yangu. Sauti yake ilikuwa imekuwa nzito kidogo, ila niliitambua kabla hajataja jina. Alisema mwaka huu Mungu akipenda anakwenda Hija, na kwamba kwao mtu hapandi ndege ya Maka akiwa na haki ya mwenzake shingoni. Lazima amfuate aliyemkosea, amwombe radhi, na huyo atoe kwa hiari yake. "Minza, nina haki yako," alisema. "Nataka nije." Nilimuuliza haki gani, akajibu si jambo la kusemwa kwenye simu. Nikamwambia aje, kisha nikakaa na simu mkononi, hasira imenipanda. Miaka yote hiyo nilikuwa nashuku kwamba yeye ndiye aliyenisingizia wizi kule Geita nikakosa kazi, na sasa alikuwa anakuja ili nimsafishie safari yake.

Nilimpokea Ibadakuli, uwanja wa ndege, mwanamke mnene mwenye miwani na baibui jeusi, anachechemea kwa goti moja. Tulikumbatiana kwa adabu, kila mmoja akipapasa mgongo wa mwenzake harakaharaka. Nilikuwa nimepanga tukakae hotelini tuyamalize huko, lakini alitaka kwanza akamsalimie mama yangu kijijini Songwa, na nikajiuliza kwa nini. Labda alitaka kunilegeza. Mbele ya mama yangu hakuna anayegomba. Tulimkuta mama sebuleni, amekaa kwenye mkeka karibu na dirisha, anabangua karanga. Macho yake siku hizi ni ya kubahatisha, ila masikio bado yapo. Rehana alivua viatu, akapiga magoti, akamwamkia kwa Kisukuma cha Shinyanga mjini, "Mwadila mayu," yaani habari za mchana mama, na mama akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akakipapasa mpaka akakijua. Akaagiza tuletewe michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, kwa sababu alikumbuka kwamba yule binti wa Kihindi wa dukani alikuwa anapenda michembe kuliko sisi wenyewe. Rehana akala sahani nzima. Mimi nilikuwa namwangalia tu.

Mwaka ule wa Geita nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha ufundi wa maabara nilichokihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, chini ya godoro, kisije kikalowa. Mimi na Rehana tulikipata siku moja, chuo kimoja cha Mwanza, tumekaa benchi moja miaka miwili. Alama zangu zilikuwa juu ya zake, na aliyekuwa akitangaza habari hiyo ni Rehana mwenyewe. Tulirudi Shinyanga pamoja kutafuta kazi. Pale mjini palikuwa na muuzaji wa jumla wa dawa na vifaa vya hospitali aliyebandika tangazo mlangoni: anataka karani anayejua mambo ya kemikali. Niliingia asubuhi, nimevaa sketi ya kijani ya kuazima. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mpole sana, alisoma cheti changu chote, akanisifu, akaniagizia soda, kisha akasema kwa masikitiko kwamba nafasi imeshachukuliwa jana. Nilimshukuru. Siku tatu baadaye tangazo lilikuwa bado liko mlangoni. Nikajiambia labda wamesahau kulibandua. Ni Rehana aliyesema hapana, hili tulipime kama tulivyofundishwa, na akaingia yeye. Nilimngoja ng'ambo ya barabara kwa fundi cherehani. Alitoka baada ya nusu saa. Alikuwa amepewa kiti na chai ya maziwa, ameulizwa ni binti wa nani na anaweza kuanza lini. Cheti hakuombwa. Alianza kunisimulia akicheka, akafika katikati akaacha kucheka. "Wanasema kaunta wanataka mtu wa nyumbani," akasema, akiangalia chini. Kazi ile hakuichukua, na kwa hilo nilimpenda kuliko ndugu.

Pa pili palikuwa Isaka, kwenye ofisi moja ya kupima ubora wa nafaka zinazosafirishwa kwenda nchi za magharibi. Meneja alikuwa mzungu. Nilimsalimia kwa Kiingereza, nikajieleza kwa Kiingereza, nikampa cheti kilichoandikwa kwa Kiingereza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia dereva wake aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia, "Muulize kama anajua kusoma." Dereva akaniuliza kwa Kiswahili, hali anaona aibu. Nikajibu kwa Kiswahili kwamba najua. Dereva akamtafsiria. Tukaendelea hivyo dakika kumi nzima, watu watatu tukizungumza mazungumzo ya watu wawili, na mwisho nikaambiwa nitaitwa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza ni nini nilichokosea. Huenda sauti yangu ilikuwa ndogo, huenda ni vile sisi Wasukuma tunavyotamka, huenda ni sketi. Ubaya wa ubaguzi wa aina ile ni kwamba haukutajii jina lake. Angenitukana ningejua nimetukanwa, ningekwenda kulala. Lakini unapewa soda, unapewa tabasamu, unaambiwa utaitwa, na kuanzia hapo kila anayekuambia hapana unamchungulia moyoni, hata kama nafasi kweli imejaa. Ugonjwa huo nilianza kuugua mwaka ule na sijapona mpaka leo.

Kwa hiyo habari ya Geita ilipokuja tuliipokea kwa mikono miwili. Kampuni ya kuchoronga miamba ilikuwa imepiga kambi porini, mwendo wa saa moja kutoka mjini, ikitafuta dhahabu kwa niaba ya wenye mgodi, na ilitaka watunza sampuli wawili wenye cheti kama chetu. Tutajaribiwa miezi miwili, kisha watakaofaa waajiriwe moja kwa moja. Mama aliuza mbuzi wake wa mwisho nipate nauli na viatu vya ngozi. Wadogo zangu wanne walikuwa shuleni, mvua ilikuwa imegoma, na pale nyumbani, nyumba ya zamani ya tope, chakula kilikuwa kimekuwa kimoja kwa siku. Kazi ile nisipoipata, wawili kati ya wadogo zangu walikuwa wanatoka shule. Hilo lilijulikana na kila mtu, na Rehana alilijua kuliko wote. Yeye alikuwa anakimbia posa ya binamu asiyemtaka. Aliwaambia kwao kwamba ni mafunzo ya muda mfupi.

Tulifika kambini kwa gari moja, mimi na yeye, mabegi yetu yamefungwa kwa kamba moja. Mpaka mchana tulikuwa sawa. Kengele ya chakula ilipogongwa, tukaongozana, tukajikuta tumesimama mbele ya milango mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa hema kubwa lenye neti na feni, ambamo wazungu walikula nyama ya kuchoma, mayai na vitu vya makopo. Wa pili ulikuwa wa chumba cha mbao, chenye meza na viti, ambamo kulikuwa na mhasibu wa Kihindi, mtunza stoo wa Kihindi na mafundi wawili wa kutoka Ufilipino, wanakula wali. Wa tatu haukuwa mlango hasa, ulikuwa upenu wa bati, na chini yake Waafrika wote, wenye vyeti na wasio na vyeti, tukila ugali na maharage kwenye sahani za bati, wengine wamesimama. Hakukuwa na kibao kilichoandikwa nani aingie wapi. Mtu mmoja tu alimwambia Rehana, "Dada, wewe huku," akimwonyesha chumba cha mbao. Rehana alisita. Niliona unyayo wake ukisita, nakumbuka mpaka kiatu alichovaa, kisha akaingia. Alasiri aliniletea sambusa mbili ndani ya karatasi, na akaendelea kuniletea kila siku, kachori, chapati, yai la kuchemsha. Wiki ya kwanza nilikula kwa furaha. Wiki ya tatu nilianza kujiuliza analipia nini.

Getini ilikuwa hivyo hivyo. Jioni tukitoka banda la sampuli, wanawake wa Kiafrika tuliingizwa kwenye kibanda na mlinzi wa kike, tukafumuliwa nywele, tukakunjuliwa mikunjo ya sketi. Rehana alikuwa anaambiwa pita dada, huku mlinzi akimkagua kwa macho. Magari ya wazungu hayakusimama. Na kazi yetu ilikuwa nzuri, hilo ndilo lililoniuma, niliipenda. Mashine ilikuwa inateremka chini ya ardhi na kutoa jiwe refu la mviringo, likakatwa vipande vya unene wa muhogo na kupangwa kwenye visanduku vya bati. Sisi tuliviosha, tukavipima, tukaandika kila rangi na kila mshipa. Nilikuwa naona haraka, kwa sababu likizo zangu za utotoni nilizimalizia Nyarugusu, kwenye duara la mjomba, kaka wa mama, yaani shimo lake la kuchimbia. Bwana Hendri, mkuu wa kambi, mzungu mrefu mwenye mgongo mbovu, alisimama siku moja nyuma yangu, akasoma daftari langu, akaondoka bila neno. Rehana akaninong'oneza kwamba huyo akinyamaza ndiyo amesifu. Lakini wiki ya nne akaja Stefani, mtoto wa dada yake Hendri, kijana wa miaka ishirini na miwili asiye na cheti chochote. Niliambiwa nimfundishe. Nilimfundisha wiki mbili kutofautisha jiwe na jiwe, na Jumatatu iliyofuata tukatangaziwa kwamba yeye ndiye msimamizi wetu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda mawe yanayong'aa, akiona kipande kizuri anakichomoa kisandukuni na kwenda kukipanga dirishani kwake, ukumbusho wa Afrika. Tulikuwa tunaviona vimejipanga pale kila tukipita, na hakuna aliyeita wizi.

Siku moja tukiwa tunaosha mawe, nilimsimulia Rehana desturi ya duara la mjomba. Mchimbaji akiona dhahabu waziwazi kwenye jiwe, hapigi kelele, wala hanyooshi kidole, wala hataji neno dhahabu. Anafunika jiwe kwa kofia au kitambaa chake cha mwilini, kisha anakwenda taratibu kumwita mwenye duara, anamwambia tu, "Njoo uone," na mwenye duara ndiye anayefunua. Wazee walisema kelele huifukuza. Mjomba alikuwa na sababu yake: ukipiga kelele shimoni, kabla hujamaliza neno wameshafika watu na mapanga. Na kitambaa ni cha kuonyesha nani aliona. Aliyefunika kwa kitambaa chake amejitaja mbele ya wote, hawezi tena kuiba. Rehana alicheka akasema ni desturi ya akili sana, kuliko geti la hawa. Aliniuliza maswali mengi siku ile, mpaka nikamtania kwamba anataka kufungua duara.

Zilibaki siku tisa miezi miwili itimie. Mchana wenzangu walishatangulia kula, mimi nilibaki kumalizia kisanduku. Nikamwaga maji juu ya kipande cha jiwe jeupe, urefu wa kidole, na pale katikati nikaona punje, kubwa kama ya mtama, inanitazama. Ningekuwa nimelelewa mahali pengine ningepiga yowe, watu wangekuja, Hendri angenipa mkono na maisha yangu yangekuwa mengine. Mimi nilifanya nilivyofundishwa. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, cha bluu chenye maua, nikakitandika juu ya jiwe, nikaenda kumwita mwenye mali. Alikuwa hemani anakula. Kule ndani sikuruhusiwa, nikasimama nje ya neti, kichwa wazi, nikasema kwa adabu, "Bwana, tafadhali njoo uone." Akauliza nini. Mezani kulikuwa na watu sita, na nyuma yangu wapishi. Nikasema tena aje aone. Akasema nisubiri amalize. Nilisimama pale juani mpaka akamaliza nyama, akamaliza kahawa, akatafuta kofia yake. Tulipofika bandani, Stefani alikuwa kwenye kiti, miguu juu ya meza. Kitambaa changu kilikuwa pale pale, kimenyooka. Chini yake palikuwa na nafasi tupu ya urefu wa kidole. Hendri akatazama ile nafasi, akatazama kitambaa, kisha akatazama mikono yangu. Ya Stefani hakuitazama.

Nilivuliwa nguo zote kibandani. Yule mlinzi wa kike alikuwa analia kwa ndani, ananiambia nisamehe mwanangu, nina watoto. Godoro langu lilichanwa. Hawakupata kitu. Ofisini nilimweleza Hendri desturi, nikampa habari za mjomba, kofia, kitambaa, yote, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko siku yoyote. Akasema anayefunika ndiye anayeficha. Nikamwambia aulize watu wa machimbo. Akafikiri kidogo, akasema sawa, atauliza, na aliyemwita ni Rehana, kwa sababu kati ya watu wote wenye ngozi ya rangi pale, huyo ndiye aliyeonekana anaweza kusema ukweli. Nilikaa nje kwenye benchi, moyo umetulia. Nilikuwa na shahidi. Nilimwona akiingia, na nilimwona akitoka kwa mlango wa nyuma. Hendri akatoka mbele, akamwambia dereva anipeleke mjini. Nilipokuwa napanda gari, Kulwa mpishi, mtu wa Kahama, alinitilia chapati mbili mfukoni, akaniinamia. "Mdogo wangu, sikusikia alichosema mwenzako, maana mlango ulifungwa," akasema. "Ila alitoka analia. Anayelia baada ya kuulizwa, ana jambo amelisema."

Maneno hayo nikaondoka nayo. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nikaanza kuzihesabu sambusa zake moja moja. Aliajiriwa yeye na Stefani. Jina langu lilizungushwa kwenye kambi nyingine. Nilikwenda kwenye tatu, na kila moja karani alikuwa akisoma orodha fulani, kisha ananirudishia cheti bila kunitazama. Nyumbani Songwa watu walikuwa wamesikia kabla sijashuka garini, na wenyewe walishasema lisemwalo lipo. Walikuja kunipa pole huku macho yao yakizunguka nyumba kutafuta bati jipya au baiskeli. Jirani mmoja aliniuliza waziwazi kama nimelifukia. Mama peke yake ndiye ambaye hakuniuliza. Alinipokea begi, akaniwekea maji ya kuoga, akanipakulia uji wa mtama, na hakugusa habari ile siku ile wala mwaka ule wala baadaye. Wadogo zangu wawili walitoka shule kweli. Mimi mwishoni mwa mwaka nikapata nafasi ya chuo cha ualimu, serikali ikanisomesha, nikafundisha kemia miaka mingi. Nyumba hii ya mama niliijenga kwa mshahara wa ualimu, tofali kwa tofali, miaka tisa. Katika watu wote niliowahi kuwashuku, na ni wengi, wakiwemo mume wangu na mchungaji, mama yangu sikumshuku hata siku moja. Nilijua yupo mtu mmoja duniani asiyehitaji nithibitishe.

Sahani zilipotolewa nilimwambia Rehana tutoke uani tuzungumze. Akasema hapana, bora iwe hapa mbele ya mayu, kwa kuwa haki yenyewe ni ya nyumba nzima. Nikashtuka, nikaona ameandaa jukwaa. Akakaa chini mkekani, miguu ameikunja upande, akaanza kusema akimwangalia mama na si mimi, Kiswahili na Kisukuma amevichanganya. Akasimulia banda, jiwe, kitambaa, yote kama nilivyojua. Kisha akafika ofisini.

"Aliniuliza swali moja tu," akasema. "Kama ni kweli watu wa machimbo wana desturi ya kufunika jiwe. Nikamjibu sijui."

Nilikuwa nimengoja miaka hiyo yote kusikia kwamba alinizulia, kwamba alisema ameniona nikitia mfukoni. Nilikuwa na maneno tayari kwa mwongo wa namna hiyo, nimeyapanga na kuyapangua usiku mwingi. Kwa mtu aliyesema sijui sikuwa na neno. Nikamuuliza, "Si nilikueleza mwenyewe? Si uliniuliza maswali mpaka nikakutania?" Akasema ndiyo. Akasema wiki ile ile mtunza stoo wa Kihindi alikuwa amefukuzwa kwa sababu alionekana anajua bei ya dhahabu mtaani. Wazungu waliamini Mhindi yeyote anayejua habari za machimbo ni mnunuzi wa dhahabu ya wizi. Angesema anaijua desturi, angeulizwa ameijulia wapi, na wote wawili tungepanda gari lile lile, yeye akarudi kwa binamu. "Hilo sijui lilikuwa neno dogo," akasema. "Nilidhani halitakuwa na uzito." Nikamuuliza nani alichukua jiwe. Akasema hilo hakuliona, Mungu ni shahidi. Nilimwangalia sana usoni. Sikuona uongo, ila macho yangu nayo siyaamini.

Hasira ilinishika, si ndogo. Nilimwambia sambusa zake zilinila mimi kuliko nilivyozila. Nilimwambia neno lake dogo liliwatoa wadogo zangu wawili shule, na mmoja wao mpaka leo anasoma jina lake kwa kuhesabu herufi. Alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanaingia chini ya miwani, na hakujitetea tena. Na katikati ya kusema nikaona, kwa shingo upande, kwamba yeye naye alikuwa amesimamishwa kwenye mlango wake na mtu mwingine, akaambiwa wewe huku, na akaogopa. Haikuniondolea uchungu. Ilinipa tu mahali pa kuuweka. Mama muda wote huo alikuwa ameacha kubangua karanga.

"Kwa hiyo hakuchukua," mama akasema.

"Hakuchukua, mayu," Rehana akajibu. "Hata yeye alijua jiwe ni la nani. Ndiyo maana alilifunika."

Mama akapeleka mkono, akanitafuta, akanishika kiwiko. "Kaka yangu naye alifunika mengi," akasema taratibu, "na mengine hayakuonekana tena. Nilijua ni njaa iliyokutuma, mwanangu. Sikukuuliza nisikutie aibu. Mimi nilikusamehe zamani. Hata nyumba hii uliponiingiza, niliiombea kwanza, ndipo nikalala."

Nakumbuka Rehana aliinua uso, akanitazama, akainamisha tena. Nilimwambia radhi nimempa, aende Maka, arudi salama; nilisema haraka kwa sababu sikutaka aendelee kunitazama. Kisha nikamsogelea mama, nikakaa chini mkekani mbele yake, mwanamke mzima mwenye mvi, nikaanza kumweleza upya, tangu kisanduku, tangu jiwe jeupe, tangu maji niliyomwaga, polepole na kwa adabu, kama mtu anayeomba kazi.